Jezi za Kombe Hazifuliwi

Namba ya jezi haipigwi pasi. Naanza na hilo kabla sijasalimia, kwa sababu wiki iliyopita nimeiona namba tisa imekunjamana kama utando wa maziwa, na mwenye kosa anajijua. Geuza jezi ndani nje, tandika kitambaa cha pamba, ndipo upitishe pasi, tena ya uvuguvugu. Haya, asalaam aleikum. Mimi ni Mwanaidi, mtu wa Tanga, niliyekuwa mtunza vifaa wa klabu ya Kilbrae hapa kusini mwa Johannesburg mpaka mwezi uliopita. Mista Murdo, mwenyekiti wetu, ameniomba niwaandikie ninyi wawili mliopokea ufunguo wa chumba changu, niwaeleze kazi ilivyo. Alitaka ukurasa mmoja. Atapata atakachopata.

Klabu hii iliundwa na Waskoti waliokuja kuchimba dhahabu. Watoto na wajukuu wao wameshahama karibu wote, wakatuachia nembo ya ua la miiba, jezi za buluu iliyokoza, Mista Murdo, na uwanja. Uwanja wenyewe ni wa manispaa. Mkataba unasema tutaukalia maadamu timu iko ligi ya mkoa; tukishuka daraja, unarudi kwao, na watajenga maghala, maana pande tatu tayari ni maghala. Shikeni hilo vizuri, kwa sababu wachezaji wetu walilisahau msimu mzima. Wachezaji siku hizi ni Wakongo, Watanzania, Warundi wawili na Wazulu watatu ambao wanatucheka Kiswahili chetu huku wanakielewa chote.

Mimi sikuja hapa kwa ajili ya mpira. Nilikuwa na cherehani yangu katikati ya mji, chini ya ngazi za jengo moja karibu na stendi ya teksi, jengo ambalo kila ghorofa ina kanisa na kila kanisa lina spika. Siku moja akaja mama wa Kizungu, mrefu, mkavu, na mfuko wa jezi anataka zishonwe namba mpya. Huyo ndiye Bi Morag, mtunza vifaa kabla yangu. Nikashona siku mbili, nikampelekea mwenyewe uwanjani. Akazipanga mezani, akazihesabu kimya, akaniangalia. Nilikuwa nimeshona tisa mbili, sita hakuna. Hakugomba. Alinipa mkasi tu, nikafumua palepale mbele yake, nikageuza, nikashona upya, na nilipokata uzi wa mwisho akasema, "Jumamosi, saa mbili asubuhi." Barua ya ajira sijaiona mpaka leo.

Kiingereza cha Bi Morag sijui kilikuwa Kiingereza gani. Miaka mitatu ya kwanza nilikuwa naitikia tu na kutazama mikono yake, na mikono yake ndiyo iliyonifundisha. Tope usiliguse likiwa bichi, liache likauke kisha lipige brashi nje ya mlango. Damu ni maji baridi na chumvi, ukiweka maji ya moto umeipika, haitoki tena. Nyasi ni siki. Gundi ya plasta za miguuni ni mafuta ya kula, halafu sabuni. Soksi zihesabiwe zinaporudi, mchezaji akiwa bado amesimama mbele yako, kwa sababu akishavuka geti atakuapia kwa Mungu kwamba alikuja na moja.

Mwaka wangu wa pili winga mmoja alikwenda na jezi kwao, akairudisha bila kuifua, mwenzake akaivaa. Wiki mbili baadaye wachezaji sita walikuwa na majipu mgongoni, hawawezi kuegemea kiti. Bi Morag aliwapaka dawa mmoja mmoja. Kisha akafunga mlango, akaniambia polepole ili safari hii nimwelewe: hakuna jezi itakayotoka chumba hiki na jasho la jana. Baadaye alipofariki aliniachia ufunguo, brashi na sheria hiyo. Nimefua kwa sheria hiyo miaka yote, kukiwa na vumbi la njano la mgodini, mvua ya mawe ya saa kumi jioni, umeme kukatwa na mashine ikiwa katikati ya kuzungusha. Maji yanapokatika, ambayo siku hizi ni kila wanapojisikia, nina pipa langu la akiba nyuma ya mlango. Lijazeni. Nikija nikakuta tupu mtanitambua.

Sasa msimu wangu wa mwisho. Yarabi toba.

Watu wa kuwajua ni watatu. Kocha ni Dieudonné, mtu wa Bukavu, siku za kazi ni mlinzi wa duka la jumla mjini. Nahodha ni Bahati, beki, mtu wa Uvira, kinyozi. Kipa ni Shomari, mtu wa Temeke, anauza mikanda na miwani ya jua kwenye robot, yaani taa za barabarani, magari yakisimama. Huyu Shomari ndiye aliyekuwa kamati yetu ya ufundi. Kwa wale msiojua, kwetu Tanzania kamati ya ufundi haina habari na ufundi wa mpira. Ni watu wa ndimu na mayai, wa kuamua nani aingie uwanjani kinyumenyume na nani asipite getini. Hakuna aliyemteua. Alijiteua.

Mzunguko wa kwanza wa kombe ulitukuta maji hayapo siku ya tano. Pipa langu lilitosha jezi nyeupe za ligi tu, zile za buluu zikabaki na jasho la mechi iliyopita, na nyeupe wapinzani nao walikuwa nazo. Wakavaa buluu chafu. Mimi nilikaa benchi nimefunika pua kwa ushungi, naona aibu. Wakaifunga timu ya daraja la juu tatu kwa moja.

Jioni ileile Shomari akanisimamia mlangoni. "Bi Mwanaidi, hizo za buluu zisiguse maji mpaka kombe liishe."

"Zisiguse nini?"

"Maji. Bahati yetu imo humo humo kwenye jasho."

Nikamgeukia kocha, nikijua huyu ni mtu mzima, mzee wa kanisa. Dieudonné akainamisha kichwa. "Mama Jezi, mimi niko mkristo, siamini hii mambo. Lakini usifule."

Jamani! Nilitaka kuwapiga na brashi wote wawili. Niliwaeleza habari za majipu, wakanisikiliza kwa adabu sana, kama watu wanavyomsikiliza mgonjwa. Bahati akaongeza, "Mama, hata jipu, tutavumilia." Nikaona hapa sibishani tena. Nikabeba jezi kwenda nyumbani kwangu, ghorofa ya nne pale mjini, nikazifua zote kwa siri, nikazianika jikoni madirisha wazi.

Tatizo likawa harufu. Jezi safi inajitangaza yenyewe. Nikafikiri sana, kisha nikaenda soko la Yeoville kwa akina mama wa Kikongo, nikanunua dagaa wakavu, nikawatia kwenye mfuko mmoja na jezi kwa siku mbili. Halafu nikasugua udongo kidogo wa golini mabegani. Siku ya mzunguko wa pili nilipofungua begi, Shomari aliingiza uso mzima, akavuta pumzi mpaka macho yakamlegea. "Hii ndiyo yenyewe!" akasema. Nikaangalia pembeni nisicheke. Wakashinda.

Robo fainali Bahati alipigwa kiwiko cha pua, damu ikamwagika kifuani mpaka kwenye bukta. Maji baridi, chumvi, saa mbili nzima nimeinama kwenye beseni, kiuno kinaniuma, halafu dagaa. Wakashinda nusu fainali. Klabu ilikuwa haijafika fainali ya kombe tangu mimi niijue, na mji mzima wa Waswahili ukajua: Yeoville, Diepsloot, mpaka Soweto kwa wenye spaza, vile viduka vya uani. Watu wakawa wanasimama kunisalimia barabarani, "Mama Jezi, usifue!" Nilitamani ardhi ipasuke.

Na ligi je? Ligi tulikuwa tunafungwa kama tumelipiwa. Jezi nyeupe zilikuwa zinafuliwa hadharani, kwa hiyo walikwishajiambia hazina kitu. Mtu akikosa penalti anavuta kola, ananinyooshea kidole, eti sabuni. Kocha akawa anawapumzisha wazuri kwa ajili ya kombe. Siku moja nikaingia kwenye kikao chao cha mazoezi, viatu vyangu vya kufulia miguuni, nikashika kiuno.

"Kombe mtakula? Kombe mtalichezea juu yake? Tukishuka, uwanja huu umekwenda! Mtafanyia wapi mazoezi, kwenye paa la ghala?"

"Mama, tumekusikia," akasema Bahati.

"Hamjanisikia."

"Tumekusikia, Mama. Ila fainali ni fainali."

Ikabaki mechi moja ya ligi, Jumamosi, nyumbani kwetu. Fainali ya kombe Jumamosi inayofuata. Hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa beki wa kushoto: tukipata sare, tunabaki; tukifungwa, tunashuka na uwanja unakwenda. Mista Murdo hakuwa anakula. Alikuwa anakuja chumbani kwangu, anakaa juu ya kasha la mipira, anautazama ule mkataba kisha anaukunja. Babu yake alipanda ile miti ya nyuma ya goli la kaskazini. Hatimaye wachezaji wakashtuka, na dawa waliyoipata ni hii: Jumamosi watavaa buluu, ile isiyofuliwa. Nikasema sawa. Vaeni hata kanga, mradi mcheze.

Ijumaa mchana nimezifua, zimejaa jikoni kwenye kamba, mlango ukabishwa. Nilidhani ni jirani. Nikafungua, Shomari huyu hapa, kocha kamtuma achukue begi mapema kwa sababu teksi zilikuwa na mgomo kesho yake. Akatazama juu ya bega langu. Jezi kumi na sita za buluu zinachuruzika, na mezani dagaa wamepangwa juu ya gazeti. Akakaa chini, pale pale kwenye korido.

"Bi Mwanaidi, umetuua."

"Nyanyuka hapo, unachafua suruali."

"Tangu lini?"

"Tangu mzunguko wa pili."

Hakunisikia, au hakutaka kunisikia. Aliondoka bila begi. Kabla ya magharibi timu nzima ilikuwa na habari kwamba Mama Jezi kafua jezi za kombe siku moja kabla ya mechi ya maisha yetu.

Jumamosi nilifika uwanjani na begi kwa gari la jirani, nikawakuta wamekaa chumba cha kubadilishia nguo na nguo zao za nyumbani. Nikazitundika buluu safi kwenye misumari, hakuna aliyezigusa. Wapinzani wameshapasha misuli. Mwamuzi akaja mlangoni akasema kwa upole kwamba baada ya dakika kumi na tano tutahesabiwa hatukutokea. Maana yake tumefungwa. Dieudonné alikuwa anasali kwenye kona, Mista Murdo amesimama nje, kofia mkononi, haelewi neno hata moja la tunachosema lakini anaelewa kila kitu.

Hapo roho ikanipasuka. "Sikilizeni, nyie watu msio na haya! Mzunguko wa pili nilifua. Robo fainali nilifua. Nusu fainali nilifua. Mnachokinusa na kukibusu ni dagaa!"

Mmoja wa Wazulu akauliza, "Dagaa ni nini?" Mwenzake akamwambia anyamaze.

"Unatudanganya, Mama," Bahati akasema. "Unataka kutupa moyo tu."

Nikaivuta namba nne kutoka msumarini, nikamrushia usoni. "Robo fainali pua yako ilimwaga damu kifua kizima, watu wote waliona. Nusu fainali ukaivaa hiyo hiyo. Damu iko wapi? Ilipanda teksi?"

Bahati akaigeuza ile jezi mbele, nyuma, akaipeleka dirishani. Wote wakasogea. Walikuwa wameshinda nusu fainali, wamepigana picha, wamekumbatiana kifua kwa kifua, na hakuna aliyejiuliza damu ilikwenda wapi. Bahati akanitazama taratibu, na nikaona jambo jipya linaanza kuingia kichwani mwake, nikajuta kusema.

"Kumbe," akasema, "dawa iko kwa maji ya Mama."

"Hakuna dawa!"

"Mimi nilikuwa nahisi," akadakia Shomari, yule yule wa umetuua. "Mkono wake. Tangu mwanzo nilikuwa nahisi."

"Basi vaeni! Nimezifua jana!"

Wakaangaliana. Shomari akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama daktari. "Za jana hatukuziona zikifuliwa, Bi Mwanaidi. Siri imeshatoka. Sasa lazima zifuliwe mbele yetu."

Dakika tisa zimebaki. Mwezi wa tano, upepo wa baridi unakata masikio. Nilimtazama Mista Murdo pale nje na kofia yake. Miaka yote nimepigana na ujinga huu, nimemlilia Bi Morag kimoyomoyo kila nilipoona ndimu golini, na sasa uwanja mzima ulikuwa umening'inia kwenye ndoo. Nikavuta ushungi nyuma. Bombani hakuna kitu, bila shaka. Nikafungua pipa langu, nikajaza ndoo mbili, nikazizamisha zile jezi safi moja baada ya nyingine, nikazikamua, nikawarushia. Walikuwa wanazipokea kwa mikono miwili. Meno yao yaligongana, nikafurahi.

Wakatoka wanachuruzika. Wapinzani waliwatazama, wakatazama mbingu kutafuta mvua. Tulifungwa bao moja mapema, na mapumziko wakaja mbio kwangu, wakavua: zimeanza kukauka, Mama! Nikazizamisha tena. Nilikuwa naongea peke yangu kwa Kidigo, maneno ambayo sitayaandika hapa. Zikiwa zimebaki dakika chache, kona ikapigwa, Bahati akaruka juu ya wote, maji yanamruka mabegani, akaipiga kwa kichwa ikalala wavuni. Sasa moja kwa moja, sare. Baada ya hapo Shomari aliokoa mpira ambao mpaka leo sijui aliufikiaje, na filimbi ikalia.

Mista Murdo aliuchukua mkono wangu, ulikuwa umekufa ganzi, akaushika muda mrefu. Kisha akautoa mkataba mfukoni, akanipa. Nikaingia nao ndani, nikawasomea kifungu cha uwanja kwa sauti: tunabaki, jamani, uwanja ni wetu! Walikuwa wanaimba wimbo wa fainali. Nikawasomea mara ya pili. Dieudonné akanipiga bega akasema, "Sharp, Mama," yaani poa tu, akaendelea kuimba.

Wiki ile wachezaji saba walilala na homa. Nilijua. Unamlowanisha mtu kwenye baridi ya Johannesburg, unatarajia nini? Siku ya fainali Mista Murdo alikuja amevaa ile sketi ya mirabaraba ya wanaume wa Kiskoti, na timu ikaja inakohoa. Wakanisogezea ndoo. Nikakataa. Nikasema mniue, simlowanishi mgonjwa, na nikawapa jezi kavu, safi, zimenyooshwa. Tulipigwa nne bila. Wanaume wazima wakalia kama wamefiwa, na ndani ya basi nikasikia kwa masikio yangu Shomari anawaeleza wenzake: kombe lilikuwa letu, Mama ndiye aliyebana maji. Lawama hiyo iko juu yangu mpaka leo. Mtaisikia, na mtaombwa ndoo. Msitoe.

Jumanne yake nilikwenda kukabidhi chumba. Nilihesabu soksi mara ya mwisho, pungufu mbili. Nilipotoka nje nikawakuta mazoezini, wote, hata wale wenye homa, wamejaa uwanja mzima kutoka goli mpaka goli. Kocha anagomba kwamba nyasi ni ndefu, manispaa ni wavivu. Winga anasema goli la kaskazini lina kivuli kingi mno, ile miti ikatwe. Wanaulalamikia! Uwanja ambao nusura ugeuzwe ghala, ambao niliuokoa kwa mikono iliyokufa ganzi, na hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kwamba siku ile angeweza kuwa hana pa kukanyaga. Nikakaa kwenye benchi. Nikalia, kwa hasira na kwa furaha, na sikuweza kujizuia.

Bahati akaniona. Akausimamisha mpira kwa mguu, akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti kutoka katikati ya uwanja.

"Mama, usilie! Kombe tutalichukua mwakani!"